Herufi Iliyopotea Ukingoni

Asubuhi hiyo nilikuwa ofisini, mjini Dodoma, nahamisha mafaili kutoka seva ya zamani kwenda seva mpya. Ofisi yetu inatunza taarifa za wateja wa maji, na mimi ndiye ninayeziangalia mashine zinazohifadhi taarifa hizo. Kazi yangu karibu yote naifanyia kwenye dirisha jeusi, lile ambalo watu wakilikuta wazi mezani kwangu huniuliza kama kompyuta imeharibika. Halina picha wala vitufe vya kubofya. Unaandika amri kwa maneno, unabonyeza, na mashine inakujibu kwa maneno.

Niliandika amri moja ndefu. Ilipofika ukingo wa kulia wa dirisha ikakunjika, ikaendelea kwenye mstari wa chini kama kawaida. Nikaisoma kabla ya kubonyeza. Ndani yake kulikuwa na neno kumbukumbu, lakini mimi nilisoma kumbukmbu. U moja haikuwepo, pale pale mstari ulipokunjika. Nikadhani nimekosea kuandika. Nikafuta, nikaandika upya taratibu huku nikiangalia vidole vyangu. Nilipoinua macho, u bado haikuwepo. Nikabonyeza hivyo hivyo, nikitegemea mashine ikatae.

Haikukataa. Faili lilihama, na kule lilikokwenda jina lake lilikuwa kamili.

Nilibaki nimekaa, mikono juu ya kibodi. Mashine ilikuwa imeiona ile u. Mimi ndiye sikuiona. Nikapanua dirisha kidogo ili mstari usikunjike, nikaiita tena amri ile, na u ikajitokeza mahali pake kana kwamba haikuwahi kuondoka.

Fundi mwingine angeishuku programu kwanza. Lile dirisha nilikuwa nimeanza kulitumia karibuni. Ni programu ndogo ya bure, iliyoandikwa na mtu wa mbali nisiyemjua, na niliiweka kwa kuwa ni nyepesi na laptopu yangu imechoka. Lakini wala sikuiwazia programu. Niliyawaza macho ya baba yangu.

Baba ni Mgogo wa upande wa Buigiri, ila miaka yake mingi ya ualimu aliimalizia Kondoa, na huko ndiko nilikokulia. Alinifundisha darasani kwake. Upofu wake ulianzia pembeni. Alikuwa akiandika ubaoni, na mstari haukuishia ubao ulipoishia. Chaki ilipanda fremu ya mbao na kuendelea ukutani, juu ya chokaa. Watoto walicheka, na mimi nilicheka nao. Baba alifuta ukuta kwa mkono wa shati lake, akaendelea kufundisha. Nyumbani alikuwa akiangusha vikombe vya chai vilivyowekwa kuliani kwake, halafu anamgombeza mama kwa kuviweka vibaya. Hakumwambia mtu yeyote. Alipokuja kupelekwa kwa madaktari wa macho, alikuwa akiiona dunia kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Walisema ni presha ya macho, kwamba kilichokwishapotea hakirudi, na kwamba ugonjwa huu hutembea katika damu, hivyo watoto wake wapimwe wakiwa watu wazima.

Mimi ni mtu mzima siku nyingi. Sikuwahi kwenda. Kila mwaka nilikuwa na sababu, na sababu yenyewe ilikuwa woga.

Baada ya asubuhi ile nilianza kujipima kimyakimya. Nilisimama jikoni kwetu Nzuguni, nikakodolea kalenda ukutani, nikachezesha kidole pembeni ya sikio kuona kitaonekana lini. Mara kilionekana mapema, mara kilichelewa, na sikujua ipi niiamini. Jirani alinisalimia kutoka upande wa kulia, sikumwona, naye akaniambia siku hizi najiona. Nikacheka. Nilipoingia ndani nikakichezesha tena kidole pembeni ya sikio.

Halafu ikawa siku ile ya barabara. Nilikuwa nimeshuka kituoni, nataka kuvuka kwenda upande wa nyumbani, upepo unavuma na vumbi limejaa hewani. Niliangalia huku na huku, nikaona pako wazi, nikaingia barabarani. Bodaboda ikapita mbele ya kifua changu kwa kasi, karibu kiasi kwamba mzigo wake ulinikwaruza mkono. Sikuwa nimeiona kabisa. Dereva alinitukana bila kusimama. Mama mmoja muuza nyanya akanivuta nyuma kwa kanga yangu, akaniuliza, "Dada, huoni?"

Lilikuwa swali la mtu aliyeshtuka tu, lakini mimi nililibeba hadi nyumbani na sikuweza kula.

Ofisini nikaamua kuongeza ukubwa wa herufi, nikidhani nikiyarahisishia macho yatatulia. Ikawa mbaya zaidi. Herufi zilipokuwa kubwa, mistari ilijaa upesi na kukunjika mara nyingi, na kila siku nilikuta maneno yaliyoliwa pembeni. Si kila mstari, na hilo ndilo lililonimaliza. Kuna mstari uliokunjika salama, na mwingine, wenye urefu ule ule, ukapoteza herufi. Kama ingekuwa kila mara, labda ningeitilia shaka programu. Baba naye ndivyo alivyokuwa mwanzoni: leo anakiona kikombe, kesho hakioni.

Siku moja nilitakiwa kufuta folda la nakala za zamani. Mafolda yalikuwa mawili, la zamani na linalotumika, na majina yao marefu yalitofautiana kwa herufi moja tu katikati. Niliandika amri ya kufuta. Jina likafika ukingoni, likakunjika, na ile herufi moja ya kutofautisha ikaangukia mahali pale pale pa kukunjika. Sikuiona. Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe. Nikajua kwamba nikibonyeza huenda nafuta takataka, na huenda nafuta taarifa za mji mzima, na sina njia ya kujua ni lipi kwa kutumia macho yangu. Nikatoa mkono taratibu, kama mtu aliyegusa nyoka gizani, nikafunga laptopu na kumwambia mwenzangu wa meza ya jirani kwamba kichwa kinaniuma. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi za nyuma. Nilikuwa nalia, na sikutaka hata kuyafuta machozi, kwa sababu nilikuwa nimeanza kuogopa kuyagusa macho yenyewe.

Jumamosi iliyofuata mume wangu alikuwa nyumbani. Yeye ni mwalimu wa jiografia sekondari, hajui lolote kuhusu dirisha langu jeusi. Nilifungua laptopu mezani, nikaandika amri ndefu yenye lile neno kumbukumbu hadi u yake ikapotea, kisha nikamwita. Nikamwomba anisomee mstari ule herufi kwa herufi, bila kumwambia sababu. Aliinama, akasoma kwa kidole kama anavyosomesha wanafunzi ramani. Alipofika ukingoni akasema m.

"Kabla ya m kuna nini?" nikamuuliza.

"Kuna k."

"Hakuna u katikati?"

"Hakuna. K, halafu m, halafu mstari wa chini unaanza na b."

Nilimwambia asome tena. Akasoma tena, akapata vile vile. Nikamwomba avae miwani yake ya kusomea, akaivaa, na u haikuonekana. Nilivuta kiti nikakaa. Herufi ile haikuwepo kwa mtu yeyote. Programu ndiyo iliyokuwa inaila.

Akauliza kwa nini nilihitaji mtu mwingine asome. Hapo nikamweleza yote, kuanzia asubuhi ile ya kwanza hadi bodaboda. Alisikiliza akiwa amevua miwani. Nilitegemea afurahi pamoja nami. Badala yake alisema kwa sauti ya chini, "Sasa tumejua kompyuta inaumwa. Macho yako bado hatujui."

Nilimjibu kwamba nitakwenda kupima, ila kwanza niitengeneze programu, maana kazi ofisini ilikuwa imekwama. Lilikuwa jambo la kweli, na lilikuwa pia mahali pazuri pa kujificha.

Kwa kuwa programu ile ni huria, maandishi yake yote yako wazi na yeyote anaweza kuyafungua na kuyarekebisha. Nikaanza kuyasoma mchana huo huo. Kukunja mstari, kwa mtu anayetazama tu, ni kitu kidogo: maandishi yakifika mwisho yashuke chini. Kumbe kuna hatua moja ya siri hapo. Herufi inapotua kwenye nafasi ya mwisho ya mstari, kishale, ile alama inayoonyesha herufi ijayo itatua wapi, hakitakiwi kuruka chini papo hapo. Kinatakiwa kibaki pale kikisubiri. Ikija herufi nyingine, ndipo kishuke nayo. Isipokuja, mstari usikunjwe bure. Programu yangu ilijua kusubiri. Lakini kishale chake kilikuwa cha kupepesa, na kila kilipopepesa kikiwa pale ukingoni, programu ilisahau kwamba ilikuwa inasubiri. Herufi iliyofuata ikawekwa juu ya ile iliyokuwepo, ikaifunika. Ndiyo maana haikuwa kila mara. Ilitegemea kama nilikuwa nimesita kidogo, nikafikiri, mahali pale pale.

Nilipoelewa hivyo nilifurahi kwa muda mfupi sana. Kuelewa kosa na kuliondoa ni mambo mawili. Rekebisho langu la kwanza lilileta mstari mtupu chini ya kila mstari uliojaa. La pili liligandisha dirisha zima, nikapoteza kazi ya mchana. Na kila nilipodhani nimefaulu, nilikodolea ukingo wa kulia nikajikuta siamini ninachokiona. Nimeiona u kwa sababu ipo, au kwa sababu naitaka iwepo? Mwishowe niliandika programu nyingine ndogo ya kukagua kwa niaba yangu. Ilijaza mistari herufi hadi ukingoni, ikasubiri kishale kipepese, ikaongeza herufi moja, kisha ikasoma kilichomo kwenye kumbukumbu ya dirisha na kulinganisha na kilichoandikwa. Haikutumia macho ya mtu. Nilirekebisha tena, nikaiendesha, na ikajibu kwamba hakuna herufi iliyopotea.

Sasa sikuwa na kisingizio. Nikafanya kitu ambacho hadi leo sijui kwa nini nilikifanya. Nilifumba jicho la kushoto kwa kiganja, nikakaza jicho la kulia katikati ya mstari bila kulichezesha, nikaitafuta kwa pembeni ile herufi ya mwisho pale ukingoni.

Haikuwepo.

Nilisogeza jicho, ikarudi. Nikalikaza tena katikati, ikatoweka, na mahali pake pakawa na weusi mtupu wa dirisha. Nilimwita mume wangu kwa sauti ambayo yeye alisema baadaye ilimtoa jasho. Nikamwambia, nikiwa bado nimefumba jicho moja, aniambie kama herufi ya mwisho ipo.

"Ipo," akasema.

"Mimi siioni."

Aliweka mkono wake begani kwangu.

Kesho yake ilikuwa Jumapili, tukaenda Buigiri kumwona baba. Anaishi na dada yangu mkubwa, na mchana hukaa barazani anasikiliza redio. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaninyooshea mkono. Nilikuwa nimejiandaa kuzungumza mambo mengine kwanza, mvua, mtama, afya yake. Aliushika mkono wangu kwa muda, kisha akazima redio.

"Mama," akasema, kwa maana ndivyo anavyoniita tangu mama alipofariki, "unaona nini?"

Nilimweleza. Nilimalizia na ile herufi iliyotoweka. Kisha akanisimulia jambo ambalo sikulijua. Alisema kwamba alijua kuhusu macho yake muda mrefu kabla hatujampeleka hospitali. Alikuwa akipita mbele ya zahanati kila siku akienda shuleni, na kila siku alisema ataingia jioni akirudi, na jioni akajisemea kesho. Hakuogopa giza, alisema. Giza hakuwa amelijua bado. Aliogopa kukaa kwenye kiti na kuambiwa.

"Kesho tunakwenda wote," akasema. "Mimi nitakaa nje ya mlango."

Alilala kwetu Nzuguni usiku huo, na asubuhi mume wangu akatupeleka mjini kabla ya kwenda shuleni. Kwenye kliniki ya macho tulikaa kwenye benchi refu na watu wengi, baba amenishika kiwiko. Niliona wazee wenye kope zilizojikunja kwa trakoma, na wanawake waliobeba watoto wenye macho mekundu. Nilitamani jina langu lisiitwe.

Daktari alikuwa mwanamke mpole asiye na haraka. Alinitia matone ya ganzi, akagusisha kifaa kwenye jicho kupima presha, akaandika bila kusema kitu. Kisha nikapelekwa kwenye chumba chenye giza. Nilikalishwa mbele ya mashine kama bakuli kubwa jeupe, nikaweka kidevu mahali pake, jicho moja likafunikwa, nikapewa kifungo mkononi. Niliambiwa nikazie macho nukta ya katikati, na kila nitakapoona mwanga mdogo popote nibonyeze.

Sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa ndani ya bakuli lile. Mwanga ulikuja, nikabonyeza. Ukaja mwingine hafifu, nikabonyeza. Kisha kimya. Hakuna mwanga. Nilihesabu mapigo ya moyo wangu na bado hakuna mwanga, na nikawaza kwamba unawaka, unawaka sasa hivi kila mahali, na mimi ndiye siuoni. Nikaanza kubonyeza bila kuona chochote, kwa kukisia. Muuguzi aliyesimamia akaniambia kwa upole, "Usibahatishe, dada. Mashine yenyewe inafifisha mwanga hadi usionekane. Kila mtu hukosa mwingi." Tukaanza upya. Jasho lilinitiririka mgongoni hadi macho yote mawili yalipokwisha kupimwa.

Baadaye walinitia matone ya kupanua mboni ili daktari aangalie ndani, na alipomaliza nilimwomba baba aingie. Daktari alimpa kiti. Nikamwuliza kwanza kuhusu herufi iliyotoweka nilipofumba jicho moja. Alitabasamu kidogo. Alisema kila jicho la mwanadamu lina mahali pasipoona, pale mshipa wake unapotokea kwenda kwenye ubongo, na jicho la pili hupaziba, ndiyo maana hatupajui. Hata yeye akifanya nilivyofanya, herufi itatoweka.

Nilianza kupumua. Hakuwa amemaliza.

Presha ya jicho la kulia ilikuwa juu, alisema, na mshipa wake ulikuwa umeanza kuguswa. Ya kushoto ilikuwa mpakani. Nilichokwisha kupoteza ni kidogo mno, mtu hawezi kukigundua mwenyewe, wala hakikuhusika na bodaboda wala na herufi. Nitatia matone kila jioni, maisha yangu yote, na kurudi kupimwa kila baada ya miezi michache. Ikiwa nitafuata hayo, alisema, kuna kila matumaini nitazeeka nikiona. Baba aliuliza swali moja tu: je, ningengoja ningegundua lini? Daktari akamwambia ukweli, kwamba pengine ningegundua kwa kuchelewa kama alivyogundua yeye mwalimu, mengi yakiwa yameshapotea. Baba akainamisha kichwa.

Tulipotoka nje, jua la Dodoma lilinipiga mboni zangu zikiwa wazi kama mlango, sikuweza kufungua macho kabisa. Nilisimama pale kwenye kokoto nikiwa sina uelekeo. Baba akaniambia nimshike yeye. Aligusagusa njia kwa fimbo yake, akauliza watu geti liko wapi, akaniongoza hadi kwenye kivuli cha ukuta, tukakaa tukimsubiri mume wangu. Hatukuzungumza mengi. Aliniuliza ndani ya bakuli lile kukoje, maana enzi zake hawakumpima hivyo, nikamweleza.

Rekebisho la programu nililituma kwa mwenye nayo wiki hiyo hiyo, pamoja na ule ukaguzi mdogo. Alijibu kwa maneno machache, akashukuru, akaomba nibadilishe jina la sehemu moja, na toleo lililofuata likatoka nalo. Ofisini nililifuta folda la zamani nikiwa naiona herufi yake sawasawa, ingawa nilimwita mwenzangu asome pamoja nami kabla sijabonyeza, na mpaka leo bado namwita.

Matone hunitia mume wangu jioni. Yanachoma kidogo. Hofu haijaisha, imepungua, na sehemu yake imehamia kwingine. Nina mdogo wangu wa kiume ambaye ni dereva wa basi kati ya Kondoa na Dodoma, na yeye hajawahi kupimwa. Nilimpigia simu nikamweleza habari zangu zote. Akaniuliza, wakimkuta na presha hiyo ya macho, je, watamwachia leseni yake. Nikamwambia sijui. Akasema Jumatano hana zamu, atakuja, nimsubiri stendi.

Jumatano ni keshokutwa. Nimeshaomba ruhusa kazini.